Swali la waliokufa kabla ya Yesu lilivyonipotezea kijana

Wiki iliyopita mama mmoja anayefundisha shule ya Jumapili aliniandikia usiku. Mtoto wa darasa lake alikuwa amemuuliza: "Musa alikufa kabla Yesu hajazaliwa. Sasa alimpokea lini?" Mama wa watu akakwama mbele ya watoto. "Mtumishi nisaidie," akaniambia, "Jumapili wananisubiri."

Nikausoma ujumbe ule mara mbili, kisha nikaiweka simu kando. Jibu ninalo, tena ninalo kwa aya na mistari. Kilichonifanya ninyamaze ni kwamba swali la jamii hiyo niliwahi kuulizwa miaka mingi iliyopita, nikalijibu kwa sekunde tano, na sekunde zile bado zinanidai.

Wakati huo ndio kwanza nilikuwa nimemaliza kozi ya Biblia. Ninyi mnaofundisha Neno mnamjua mtu wa namna hiyo: mistari imemjaa mdomoni, anamtafuta tu wa kummwagia. Nilikabidhiwa kundi la vijana. Kati yao alikuwamo mmoja mpole, asiyeuliza ovyo. Siku hiyo akanyosha mkono. "Mwalimu, na wale watu wa kale kabisa, ambao hata habari za Musa hawakuzisikia, wako wapi?"

Nikasema: "Yohana 14:6. Mtu haji kwa Baba ila kwa Yesu. Wao hawakuwa naye, basi wako motoni. Mwenye swali jingine?"

Baadhi wakacheka. Nami nikacheka kidogo. Binti mmoja akadakia, "Na Ibrahimu je?" Nikamwambia Ibrahimu ni tofauti. Tofauti kwa nini? Nikasema muda umekwisha. Muda ulikuwa umebaki dakika ishirini nzima.

Yule kijana alihudhuria Jumapili mbili zaidi, halafu basi. Na hakuna aliyenikanya. Mzee mmoja wa kanisa alinishika bega akanipongeza kwa "msimamo". Pongezi ile ilinilevya kuliko kosa lenyewe, maana nilikaa nayo miaka mitatu nikiamini nimeitetea kweli. Siku nilipokutana na kijana yule njiani nilimuuliza kwa nini alituacha. Hakunikwepa. "Mwalimu, uliwatupa watu wote wale motoni, na hata huzuni hukuonyesha."

Sikulala vizuri siku hiyo. Kuanzia hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa haki.

Nilianza na lile nililomkimbia binti: Ibrahimu. Warumi 4 inasema alimwamini Mungu, ikahesabiwa kwake kuwa haki, tena kabla hajatahiriwa. Torati, Paulo anasema kwenye Wagalatia 3:17, ilikuja miaka 430 baadaye. Kwa hiyo hakuokolewa kwa tohara wala kwa Torati. Wala si kwa damu ya wanyama, kwa sababu Waebrania 10:4 inakata kabisa: haiwezekani damu ya mafahali na mbuzi kuondoa dhambi. Nilikuwa nimefundisha kwa muda mrefu, kwa kujiamini, kwamba watu wa Agano la Kale waliokolewa kwa sadaka. Hakuna aliyenisahihisha. Pengine nanyi mmewahi kulifundisha hilo. Msione haya, lifuteni tu.

Kilichonifungua macho ni Warumi 3:25. Mungu aliziachilia kwa ustahimilivu dhambi zilizotangulia kufanywa, kisha akamweka Kristo awe upatanisho. Waebrania 9:15 inasema vivyo hivyo: kifo chake kilikomboa makosa yaliyofanyika chini ya agano la kwanza. Yaani msalaba unafika mbele na unafika nyuma. Kuna mfano wa mtu anayechukua mali kwa dhamana, mdhamini akalipa baadaye. Mfano umechakaa, najua, lakini vijana huuelewa upesi kuliko maelezo yangu yote. Ibrahimu aliiamini ahadi, mwenye ahadi akalipa. Ndiyo maana Yesu anaweza kusema katika Yohana 8:56 kwamba Ibrahimu aliiona siku yake akafurahi.

Hapo makanisa mengi yanakubaliana. Ungamo la Westminster, tamko la imani la Kiprotestanti la karne ya 17, linasema wazi kwamba ingawa ukombozi ulitimizwa Kristo alipokuja katika mwili, nguvu yake iliwafikia wateule wa nyakati zote tangu mwanzo. Wanapoachana ni swali la wapi Ibrahimu alikuwa akingoja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 633, inafundisha kwamba Kristo aliposhuka kuzimu hakwenda kuwatoa waliolaaniwa, bali kuwafungua wenye haki waliomtangulia. Waorthodoksi wanaichora imani hiyo: Kristo amesimama juu ya milango iliyovunjika, anawavuta Adamu na Hawa kutoka makaburini, na makufuli yametapakaa chini. Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti, yeye aliyaelewa maneno ya Imani ya Mitume, "akashuka kuzimu", kuwa ni mateso ya nafsi ya Kristo msalabani. Mimi nimelelewa upande wa Calvin, lakini ile picha ya makufuli imenikaa rohoni kuliko ninavyopenda kukiri.

Sasa swali la kijana lilikuwa lingine. Hakuuliza habari za Ibrahimu. Aliuliza habari za watu wasio na ahadi, wasio na nabii. Na hapa, ndugu zangu, ndipo wengi tunapochanganya mambo mawili: tunalijibu la pili kwa uhakika wa la kwanza. Nilifanya hivyo. Niliwatupa.

Laiti ningejua siku ile kwamba Yustino Shahidi, mwalimu wa Kikristo wa katikati ya karne ya 2, aliandika kuwa walioishi kwa kulifuata Neno, yaani Kristo, hata kama waliitwa wasioamini miungu, walikuwa Wakristo, akamtaja kwa jina Socrates, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyeishi kabla ya Kristo! Au kwamba Zwingli, yule mwanamageuzi wa Zürich, mwaka 1531 aliandika juu ya kumkuta Socrates mbinguni, na hata Hercules, shujaa wa hekaya za Kigiriki, jambo lililomchukiza Luther kupita kiasi. Hercules simtetei, hapo Zwingli alinogewa. Lakini ona: watu waliokuwa tayari kufa kwa ajili ya imani waliliona swali hili kuwa gumu, mimi mwenye cheti kipya nililimaliza kwa mstari mmoja. Kwa Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1964 ulisema kuwa wasioijua Injili pasipo kosa lao, wakamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri kwa msaada wa neema, waweza kuupata wokovu. Wengine hawafiki huko. Wanaishika Matendo 4:12, kwamba hakuna jina jingine, na wanahofia kuufanya umisheni kazi bure. Hofu yao si ya kipuuzi. Na kwa kweli hata Mtaguso haukusema kuna mwokozi mwingine. Ulisema Mwokozi huyo huyo anaweza kumfikia mtu asiyelijua jina lake.

Nami nasimama wapi? Nasimama karibu na Mwanzo 18:25, pale Ibrahimu anapouliza kama Mhukumu wa ulimwengu wote hatatenda haki. Namwona Melkizedeki, kuhani wa Mungu Aliye Juu, ambaye hakutoka kwa Ibrahimu. Namwona Ayubu wa nchi ya Usi. Nawaona watu wa Ninawi, ambao Yesu mwenyewe anasema katika Mathayo 12:41 kwamba watasimama siku ya hukumu na kukihukumu kizazi chake. Tazama mpangilio huo! Wapagani wa kale wanasimama, wenye Maandiko wanahukumiwa. Wewe unayekaa na Biblia tatu ndani na hujui kumlilia mtu mmoja aliyepotea, mstari huo ni wako. Ni wangu kwanza.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, ukiulizwa, anza na Warumi 4. Kaa hapo. Usikimbilie Yohana 14:6 kana kwamba ni rungu. Ni kweli, lakini haisemi Yesu anaweza kumfikia nani na kwa njia gani. Tenganisha maswali mawili. Muulize anayeuliza anamfikiria nani, kwa sababu mara nyingi nyuma ya "watu wa kale" kuna marehemu mmoja anayempenda. Usicheke. Na ukishindwa, rudi Warumi 4.

Mama yule nilimwandikia karibu yote haya kwa ufupi, na Jumapili akafundisha. Akaniambia watoto walisikiliza hadi mwisho, na mzazi mmoja alibaki mlangoni akisikiliza pia. Nilifurahi, siwezi kuficha. Nilijiona kama deni limepungua kidogo.

Kisha jana akaandika tena. Yule mtoto amerudi na jingine: "Na wale waliozama kwenye gharika?"

Wapendwa, hilo ndilo andiko ninalolizunguka siku zote. 1 Petro 3:19-20, Kristo akiwahubiri roho waliokaa kifungoni, wale wasiotii siku za Nuhu. Agostino, mwalimu wa Kanisa la kale, aliona ni Kristo aliyehubiri kwa Roho wakati ule ule wa Nuhu, safina ikitengenezwa. Klementi wa Aleksandria, mwalimu mwingine wa kale, aliona Injili ilihubiriwa huko huko kuzimu. Nilikuwa nimeshaanza kuandika jibu, vidole vinakimbia. Nikafuta. Nimemwomba mama anipe wiki moja, na amwambie mtoto kwamba mwalimu bado anasoma.