Maswali Yenu: Darasa la Kompyuta la Bure kwa Watu Wazima

Nina miaka 59 na nimeanza darasa la bure la kompyuta. Kila nikibofya mara mbili ili nifungue faili, halifunguki. Jina lake linageuka buluu tu. Mwalimu ananiambia nibofye haraka zaidi, lakini vidole vyangu ni vizito. Je, umri umenitupa mkono?

Hapana, mama. Tatizo ni muda uliowekwa ndani ya mashine. Windows (mfumo unaoendesha kompyuta), kabla haijarekebishwa, hukubali mibofyo miwili kuwa amri ya kufungua ikiwa tu imefuatana ndani ya nusu sekunde. Ukichelewa kidogo, kompyuta inaelewa kwamba umechagua faili, ukatulia, kisha ukaligusa jina lake tena, na kwake hilo ni ombi la kubadilisha jina. Bonyeza kitufe cha Esc jina lirudi kama lilivyokuwa. Hujaharibu kitu.

Sababu ya pili haionekani kwa urahisi: mkono husogea kati ya mbofyo wa kwanza na wa pili. Kishale kikihama pikseli chache tu (vile vidoti vidogo vinavyounda picha ya skrini), mibofyo haihesabiwi pamoja. Kiganja kinachoelea hewani lazima kisukume kipanya. Kwa hiyo laza kiganja mezani, kiwiko kipate pa kuegemea, na kidole cha shahada kilale juu ya kitufe muda wote. Usikiinue ukipige kama ngoma, kikandamize tu.

Kisha mwombe mwalimu afungue mipangilio ya kipanya, atafute kasi ya mbofyo maradufu na kusogeza kitelezi upande wa polepole. Pembeni pana picha ya folda ya kujaribia: ikifunguka, kasi hiyo inakufaa. Apunguze na mwendo wa kishale papo hapo. Mkono ukitetemeka sana, achana kabisa na mbofyo maradufu. Bofya mara moja, halafu bonyeza Enter. Faili litafunguka vilevile.

Ninafundisha kwa kujitolea watu wazima 12 kwenye kompyuta 6. Darasani wanaelewa vizuri, lakini wiki inayofuata wamesahau, na kazi walizoandika hazionekani. Nikosoe.

Anza na swali moja: mwanafunzi akikwama, nani hushika kipanya? Kama ni wewe, hapo ndipo somo linapovuja. Macho yanaona ulichofanya, mkono haujafanya lolote, na kinachokumbukwa baada ya wiki ni kile mkono ulichofanya. Weka mikono yako nyuma na uelekeze kwa maneno: "sogea juu kushoto, simama, bofya." Itachukua muda mrefu zaidi, na ni sawa. Wawili wanaotumia mashine moja wabadilishane kila dakika 10 kwa saa ya ukutani, maana bila hivyo yule mwepesi atashika kipanya kipindi kizima na mwenzake atabaki mtazamaji. Ukipata msaidizi mmoja, kila mmoja wenu ashike mashine tatu.

Kipindi kimoja cha saa tatu mfululizo kwa wiki hufundisha kidogo kuliko vipindi viwili vya dakika 90. Dakika 15 za mwanzo ziwe za kurudia kazi ileile ya juzi, bila maelezo yako.

Kuhusu kazi zinazopotea: mara nyingi hazijapotea. Mwanafunzi amebofya "hifadhi" bila kutazama ni folda gani iliyoandikwa juu ya kile kisanduku, au amefungua kiambatisho cha barua pepe kilicho kwenye folda ya vipakuliwa (Downloads) na kukiandikia humohumo. Kabla ya somo la kuandika, fundisha folda. Kila mtu atengeneze folda yenye jina lake, aifunge, aitafute, aifungue, mara tano. Kisha aandike mstari mmoja tu, abonyeze Ctrl na S kwa pamoja ili kuhifadhi, asome kwa sauti jina la folda na jina la faili, afunge kila kitu na kulirudia faili lake. Mtu aliyewahi kuipata kazi yake mwenyewe haogopi tena kuandika kurasa mbili.

Jambo dogo linalowatisha wengi: kisanduku cha ajabu kujitokeza wakati wa kuandika herufi kubwa. Hutokea Shift ya kulia ikishikiliwa sekunde 8, au Shift ikibonyezwa mara tano mfululizo. Ni njia ya mkato ya kuwasaidia wenye ulemavu wa mikono. Jibu "hapana" na uendelee, ila waambie mapema.

Tumeambiwa kila mmoja afungue barua pepe darasani. Mnashauri nini?

Msifungue wote siku moja. Maombi mengi kutoka mtandao mmoja huonekana kama hila, na mfumo huanza kudai uthibitisho au kukataa. Wawili au watatu kwa kipindi, kila mtu na laini yake ya simu mkononi. Neno la siri liandikwe kwenye daftari linalokaa nyumbani. Ni salama kuliko neno jepesi linalokumbukwa na kila mtu. Kwenye kompyuta ya pamoja, tumieni dirisha la faragha la kivinjari (lisiloweka kumbukumbu likifungwa), kataeni ombi la kuhifadhi neno la siri, na mtoke kwenye akaunti kabla ya kuinuka.

Kituo chetu kimepewa kompyuta za zamani. Ni nzito mno kufanya kazi, na baadhi zinakataa kufungua tovuti kwa madai kwamba muunganisho si salama. Tuzitupe?

Msizitupe. Tazameni kwanza tarehe iliyo kwenye kona ya skrini. Ikiwa ya miaka ya nyuma, betri ndogo ya ubao mama (bodi kuu iliyo ndani ya kompyuta), inayotunza saa na tarehe, imekwisha. Kwa kompyuta za mezani huwa ni CR2032 ya volti 3. Kompyuta ikidhani ni mwaka mwingine, huviona vyeti vya usalama vya tovuti kuwa havijaanza kutumika. Chomoeni umeme, badilisheni betri, rekebisheni tarehe.

Uzito hutokana zaidi na diski ya zamani inayozunguka. Kuweka SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) mahali pake huleta nafuu kubwa kuliko ukarabati mwingine wowote, mradi memori isipungue GB 4. Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo mashine isiyoweza kupokea Windows 11 iwekeeni Linux Mint, mfumo mbadala wa Windows, pamoja na LibreOffice, programu za kuandikia na kufanyia hesabu. Zote ni za bure. Linux Mint mnaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kujaribu sauti, printa na mtandao kabla ya kufuta chochote. Mkiridhika, futeni diski yote, kwa sababu nyaraka za mwenye mashine wa awali huenda bado zimo.

Zile zitakazobaki na Windows, wekeni mtandao wake kuwa wa kupimwa (metered), yaani Windows iuone kama wa kulipia kwa kiasi na kuahirisha upakuaji mwingi. La sivyo, zote zitaanza kupakua masasisho kwa pamoja katikati ya somo.