Suzuki iliyolala miaka minne

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni muuguzi, naishi Usa River na kituo changu cha kazi kipo Arusha mjini. Nimechoka kugombania daladala alfajiri. Kuna mgeni anarudi kwao Ulaya, anauza Suzuki GS500 ya mwaka 1996, ile isiyo na mabodi ya plastiki, injini yote iko nje inaonekana. Anataka milioni nne. Dashibodi inasoma kilometa 23,000 tu na rangi bado inang'aa, ila imekaa gereji miaka minne bila kutembea. Nimezoea kuendesha Boxer ya kaka yangu. Je, niichukue kwa safari za kila siku? Wenzangu kazini wanasema injini ya zamani itanifilisi. – Msomaji, Usa River

JIBU: Marahaba mwanangu. Wenzako wanaogopa mahali pasipo na hatari kubwa. Injini hiyo ndiyo kitu ambacho mimi ningekihofia mwisho. Suzuki walianza kuuza GS500 mwaka 1989: silinda mbili zimesimama bega kwa bega, cc 487, inapozwa kwa upepo tu. Hakuna rejeta ya kuvuja wala kompyuta ya kutafutiwa mtaalamu. Fundi mtulivu mwenye spana nzuri anaimaliza chini ya mwembe.

Ningeogopa mpira. Pikipiki hii imejaa mpira usiouona: kwenye kabureta zote mbili, kwenye koki ya mafuta, mabomba ya breki, sili za shokapu za mbele. Mpira hauhesabu kilometa, unahesabu miaka, na ukilala bila kazi unakauka upesi zaidi. Kwa hiyo hizo kilometa 23,000 zisikulevye. Ningelala usingizi mzuri zaidi na GS500 yenye kilometa 60,000 iliyokuwa ikienda kazini kila siku.

Nakwambia jambo lililonipata mwenyewe. Zamani nilinunua pikipiki ya silinda mbili iliyokaa ndani hivyo hivyo. Muuzaji aliiwasha kabla sijafika, nikaikuta inanguruma vizuri, nikalipa. Wiki ya pili nilifungua kifuniko cha oili, harufu ya petroli ikanipiga puani. Nikachovya kidole: oili ilikuwa nyepesi, inakimbia kidoleni kama mafuta ya taa. Ndani ya koki ya mafuta mlikuwa na kiwambo cha mpira, chembamba kama ngozi ya puto, ambacho huvutwa na injini inapozunguka ili kuruhusu petroli ipite. Nilikishika kwenye jua ndipo nikaona ufa, mfupi kuliko ukucha. Kila usiku petroli ilipenya pale, ikashuka kwenye silinda na kuchanganyika na oili. Nilipogundua, beringi za krenki zilikuwa zimeshaanza kugonga. Mpira wa bei ya nauli uliniulia injini. GS500 nayo ina koki ya aina hiyo hiyo.

Basi mwambie huyo mgeni asiiwashe kabla hujafika. Nenda saa moja asubuhi, uweke kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, fungua kifuniko cha oili unuse. Ukisikia petroli, usikubali iwashwe mpaka koki ibadilishwe na oili imwagwe.

Ikiwa oili ni safi, vuta choki ubonyeze stata. Haina kiki, kwa hiyo betri lazima iwe nzima. GS500 haipendi baridi. Asubuhi za Julai hapo kwenu itataka choki dakika mbili tatu, usidhani ni ugonjwa. Ikishapata moto rudisha choki, uiache ingurume yenyewe bila kushika mafuta. Inatakiwa itulie kwenye mizunguko 1,200 hivi. Ikizima kila ukirudisha choki, petroli ya miaka minne imegeuka gundi kwenye vitundu vidogo vya kabureta, na zote mbili zitafunguliwa. Hiyo ni kazi ya siku moja, si msiba.

Usikilize pia valvu. Watu husifu injini iliyo kimya, lakini kwa hii mlio mdogo wa tik-tik haunitishi. Nafasi iliyopo kati ya valvu na kinachoisukuma inatakiwa kuwa milimita 0.03 hadi 0.08, na jinsi inavyotumika nafasi hiyo huzidi kubana. Valvu iliyobana haipigi kelele, inaungua polepole. Muulize ilipimwa lini. Asipojua, hesabu kuwa haijapimwa.

Halafu piga magoti usome tairi. Ubavuni kuna namba nne: 3114 maana yake wiki ya 31 ya mwaka 2014. Tairi yenye umri huo, hata kama ina kashata zote, itakutelezesha masika barabara ikilowa. Na hapa pana gharama ambayo wauzaji hawaitaji: GS500 inavaa 110/70-17 mbele na 130/70-17 nyuma, saizi ambazo maduka ya spea za bodaboda kwa kawaida hayaweki. Pita madukani ujue utazipata wapi na kwa bei gani kabla hujatoa hata shilingi.

Breki: maji yake yakiwa na rangi ya chai ya rangi, yamekaa mno. Bana breki ya mbele, iachie, kisha sukuma pikipiki kwa mkono. Ikigoma kutembea, pistoni zimeshika kutu. Shokapu za mbele zifute kwa kitambaa, zikandamize mara kadhaa, uone kama kuna duara la oili limebaki.

Sasa kama inakufaa. Kwa barabara ya Moshi–Arusha inakufaa kuliko Boxer: ukitaka kupita lori ina nguvu ya kulipita na kurudi upande wako mapema. Kiti kipo milimita 790 kutoka chini, wengi wanafikisha miguu. Lakini bila mafuta ina kilo 170 hivi, basi itoe getini mwenyewe, uigeuze, uirudishe, bila msaada wa kaka. Na mafuta weka lita moja kwa kilometa 20 hivi. Boxer inakwenda zaidi ya mara mbili ya hapo, na mshahara wa muuguzi naujua. Kama lengo lako ni kubana matumizi tu, nunua Boxer yako.

Ukiitaka hii, usitoe milioni nne. Punguza humo bei ya tairi mbili, betri, koki, mabomba ya breki na siku ya fundi, umpe kinachobaki. Anasafiri, atashuka. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi, na mbadilishe jina TRA yeye akiwa bado yupo Arusha, maana akishapanda ndege utatafuta sahihi yake kwa mwaka mzima.

Namba ya tairi ukishaisoma, niandikie.