Mimi ningeanza na kiti

Mhariri, wiki hii mmeuliza tufanye nini ili watu wa rika zote, watoto kwa wazee, wapende mazoezi. Najua wengi watataja mpira na riadha. Mimi nataja kiti.

Miaka miwili iliyopita mama yangu, akiwa na miaka 76, alianza kushindwa kuinuka kwenye kochi. Hakuwa mgonjwa. Anasogea hadi ukingoni, anashika mkono wa kochi, anajisukuma, anarudi chini pu! Sisi wanawe tukawa tunamwinua. Maji tunamletea, simu tunamletea, miwani tunamletea. Tukajiona watoto wema kweli. Kumbe tulikuwa tunamnyang'anya miguu yake kidogo kidogo, maana msuli usipotumika hunywea, na kwa mtu mzima kuurudisha ni kazi kubwa kuliko kuupoteza.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyemwona hakumwandikia hata kidonge. Alitaka kiti kigumu, kiegemezwe ukutani kisije kikateleza. Mama akae, akunje mikono kifuani, ainuke, akae tena polepole bila kujibwaga. Siku ya kwanza aliinuka mara tatu, na mara ya tatu alishindilia mikono kwenye mapaja. Mwanangu wa miaka saba akapewa kazi ya kuhesabu, na hapo ndipo mambo yalipobadilika, kwa sababu yule mtoto hana huruma. "Bibi, hiyo haihesabiki, hujanyooka!" Baada ya siku chache akaona kuhesabu tu kunachosha, akavuta kiti chake wakawa wanashindana. Miezi mitatu baadaye mama alifika kumi na mbili mfululizo bila kushika popote. Mimi niliyekuwa nawacheka mlangoni nikajaribu, nikafika ishirini mapaja yakiwaka moto. Nina miaka 48.

Nilipomsimulia rafiki yangu alisema mwili wa mzee haurudi. Unarudi. Mwaka 1990 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya wazee wachache wa makao ya wazee, wastani wa umri wao miaka 90, waliofanya mazoezi ya uzito kwa miguu kwa wiki 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Shirika la Afya Duniani nalo linawashauri wenye miaka 65 na kuendelea kufanya mazoezi ya nguvu na ya kujimudu wasianguke angalau siku tatu kwa wiki.

Vijana je? Hapa nina kinyongo cha zamani. Shuleni kwetu ukichelewa unazungushwa uwanja mara tano. Ukipiga kelele darasani, pushapu ishirini. Miaka yote ile tulifundishwa kwamba kukimbia ni adhabu, halafu tumekuwa watu wazima tunashangazwa na uvivu wetu. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na akiachiwa nafasi na wenzake atazimaliza bila kuhimizwa. Walimu, tafuteni adhabu nyingine.

Sisi wa makamo tuna ugonjwa wetu, wa kuanza kwa kishindo. Nimewahi kulipia jimu mwezi mzima nikaenda mara nne. Raba bado mpya. Kinachopendekezwa kwetu ni dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani ule unaokuacha unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Zamani tuliambiwa zihesabiwe kwa vipande visivyopungua dakika 10. Mwaka 2020 sharti hilo liliondolewa. Ngazi unazopanda ukiwa na haraka zimo kwenye hesabu.

Na ngazi si mzaha. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta wako basi moja, lakini mmoja ameketi kutwa, mwingine anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makondakta waliugua moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva. Hawakuhitaji hotuba ya kuwahimiza wafanye mazoezi. Kazi yenyewe iliwapandisha ngazi.

Kwa hiyo mkiniuliza mimi, hotuba za faida za mazoezi tumeshazisikia za kutosha. Mpeni kila mtu sababu ya kuinuka, na mtu wa kuinuka naye. Mzee apewe mjukuu wa kumhesabia. Wenye maumivu ya kifua au kizunguzungu wamwone daktari kwanza, hilo halina mjadala.

Jumapili iliyopita kengele ya mlango ililia. Kwa mazoea nikamnyooshea mama mkono nimwinue. Akaupiga kofi, akasimama, akaenda kufungua.