Kamera ya Bawani: Uliza Kwanza Itaangukia Wapi

Wageni wengi katika kazi hii ya kufunga kamera nje ya ndege huanza kwa kuuliza kamera ipi ina picha safi. Mimi kwa kila anayekuja kujifunza hapa Mombasa huuliza swali jingine: ikichomoka, itaelekea wapi?

Swali hilo nililijua kwa aibu. Nilibandika kamera chini ya bawa la Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne, kwa kikombe cha mpira kinachofyonza, nikaivuta mara mbili, nikaona imeshika, nikampungia rubani mkono. Kusi ilikuwa imeshaanza. Waliporudi, kikombe kimeng'oka, kamera inaning'inia kwenye kamba ya kama mita moja na nusu niliyoifunga kwa mazoea tu. Rubani hakunigombeza. Aliichukua ile kamba, akaivuta mpaka nyuma ya bawa, akaipenyeza kwenye mwanya wa aileroni, kile kipande cha nyuma ya bawa kinachopanda na kushuka ili kuinamisha ndege, kisha akaniambia, "Haya, isogeze." Haikusogea. Nilikaa kimya mpaka jioni.

Tangu siku hiyo kamba yangu ni waya mwembamba wa chuma, mfupi, usiofika kwenye sehemu yoyote inayotembea. Tena siufungi kwenye kile kile kinachoshika kamera. Kamba hukatikia pembamba, basi ukifunga vyote mahali pamoja, vitaondoka pamoja.

Upepo nao usiudharau. Ndege hiyo ikienda noti 110, yaani kama kilomita 200 kwa saa, kamera ndogo ya kiganja husukumwa kwa nguvu ya karibu robo tatu ya kilo, na hapo hujahesabu mkono wa kuishikia. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu hiyo huwa mara nne. Kwa hiyo kutikisa kwa mkono pale chini hakuthibitishi kitu. Kikombe cha mpira kina udhaifu wake pia: hushikwa na kani ya hewa ya nje, na hewa hupungua kadiri unavyopanda. Juu ya Diani huenda usione tofauti, lakini ukielekea Kilimanjaro utaiona. Hapa kwetu adui mkubwa ni chumvi. Bawa lililolala nje usiku mmoja lina utando usiouona. Lioshe kwa maji baridi na ulikaushe kabla ya kubandika chochote. Mimi kikombe nakitumia ndani tu, kwenye kioo. Nje natumia kibano cha boliti kwenye nguzo ya bawa au kwenye pete ya kufungia ndege.

Na bawa lipi? Kwa 172, la kulia. La kushoto lina bomba la kupimia mwendo, tundu la kupumulia tangi la mafuta, na king'ora kinachomwonya rubani bawa linapokaribia kuishiwa nguvu ya kuinua. Ukivuruga hewa hapo, rubani atasomewa uongo na vyombo vyake. Mara nyingi wateja hutaka kushoto, eti ndiko anakokaa rubani. Wakatalie kwa adabu.

Ruhusa si yako wala ya mwenye kamera. Muite mhandisi mwenye leseni, aone, aandike. Akisema hapana, ishia hapo. Mie nimewahi kubishana na mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa na haki. Muulize rubani pia njia atakayopita, maana Mtongwe kuna kambi ya wanamaji na hakuna picha ya Kilindini inayostahili usumbufu huo.

Kuhusu picha sina mengi. Propela itaonekana imepinda kama ndizi, kwa sababu kamera husoma picha mstari kwa mstari ilhali panga linazunguka mara 40 kwa sekunde. Kichujio cheusi mbele ya lenzi hupunguza kasoro hiyo. Washa kamera injini inapokaribia kuwashwa, si mapema, maana jua la uwanjani huizima kwa joto.

Jambo la mwisho limenigharimu chupa moja ya rangi ya kucha ya mke wangu. Ukishakaza nati, chora mstari unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye kibano. Ndege ikirudi, kabla hujatazama picha yoyote, tazama mstari. Ukiwa umekatika, hata kwa upana wa unywele, kamera hiyo hairuki tena siku hiyo.