Kibandiko ni cha mama, si cha gari

Kaka, umeuliza kama unaweza kuegesha kwenye alama ya kiti cha magurudumu ukiwa peke yako, kwa kuwa gari ni la mama na lina kibandiko cha mtu mwenye ulemavu. Hapana. Ukimpeleka au kumfuata mama, egesha bila wasiwasi, hata kama dereva ni wewe. Akibaki nyumbani, tafuta nafasi kama sisi wengine. Uingereza wameliweka wazi kisheria: Blue Badge, yaani kibandiko chao cha maegesho ya wenye ulemavu, ni ya mtu, si ya gari, na anayeitumia vibaya anaweza kupigwa faini hadi pauni 1,000.

Ile nafasi pana haikuwekwa kwa ajili ya ukaribu na mlango tu. Jumamosi, duka moja Mikocheni, nilimkuta baba mmoja kafungua mlango nusu, kiti chake cha magurudumu kimekwama katikati ya gari lake na V8 iliyowasha hazadi. "Dakika mbili tu," mlinzi kaambiwa. Zilifika ishirini!

Ila msimrukie kila anayeshuka akitembea. Mwingine ana mguu wa bandia ndani ya suruali, utajuaje?