Re: Nimekuta gari limekwaruzwa na bampa limebonyea pakingi

Pole sana mkuu. Umesema fundi anataka kupiga rangi upande mzima kwa ajili ya mkwaruzo mmoja wa mlangoni. Kabla hujamruhusu, paoshe kwa sabuni, pakauke, halafu pitisha ukucha kukatiza mchirizi. Ukucha usiponasa, iliyochubuka ni kliya tu, ile tabaka angavu ya juu ya rangi. Kompaundi (dawa ya kusugulia na kung'arisha rangi) na kitambaa laini vinatosha. Mara nyingine hata si mkwaruzo, ni rangi ya gari lililokugusa imebaki juu. Ukucha ukinasa na bati linaonekana, usichelewe, hasa kama uko Dar au Tanga, chumvi ya bahari italila. Na rangi ichanganywe kwa namba, si kwa macho: kwenye Toyota tafuta kibati chenye C/TR, hapo ndipo namba ya rangi ilipo, mfano 1F7 ni silva.

Bampa ni plastiki, limwagie maji ya moto kisha lisukume kwa ndani. Mlangoni usijaribu hivyo, lile ni bati. Pakibonyea bila rangi kupasuka, tafuta fundi anayesukuma kwa ndani kwa vyuma, bila puti (ile lipu ya kujazia mabonde).

Kama una bima ndogo, ile inayolipa hasara ya wengine tu, hailipi gari lako, usijichoshe kuwafuata watu wa bima.