Kabla hujamkabidhi karani kihariri

Wadogo zangu mliokuja fildi hapa Mbeya,

Wiki hii nimekaa nyuma ya viti vyenu nikitazama skrini, nikaona yaleyale ya waliowatangulia: `div`, kisanduku kitupu kisicho na maana yake, imepakwa rangi ikaitwa kitufe, kichwa cha habari ni maneno yaliyokozwa tu, na fomu nzima haina lebo hata moja. HTML mnaijua kuliko tulivyoijua sisi tukianza, ndiyo maana inaniuma. Makosa haya humfungia nje asiyeona na asiyeweza kutumia kipanya. Someni haya kabla hamjagusa mradi wa mteja.

1. Kitufe ni `button`. Ukishupalia `div` utalazimika kuiongezea `role` ya kusema ni kitufe, kisha `tabindex` ili Tab iifikie, kisha usikilize Enter na Space, na kimojawapo utakisahau. Kanuni ya kwanza ya ARIA, zile sifa za ziada za kuzielezea programu zinazomsomea asiyeona, ni hiyohiyo: kilichomo tayari kwenye HTML, kitumie.

2. Andikeni `lang="sw"`, ya kutaja kuwa ukurasa ni wa Kiswahili. Violezo mnavyopakua huja na `en`, nanyi mnaviacha hivyo hivyo. NVDA, programu ya kompyuta inayomsomea asiyeona skrini kwa sauti, hubadili sauti kwa kufuata lugha iliyotajwa kwenye ukurasa, kwa hiyo "ada ya muhula" inatamkwa na Mwingereza. Isikilizeni mara moja tu, hamtarudia.

3. Rangi: uwiano wa mng'ao kati ya maandishi na rangi iliyo nyuma yake uwe angalau 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida, 3:1 kwa makubwa. Kile kijivu chenu cha kupendeza, mkulima wa Igurusi anakisoma juani, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

4. Kihariri, yaani chombo ambacho mwenye tovuti huandikia matangazo yake. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo kazi nzuri inapoharibikia.

Kuna chuo huku nyanda za juu kilitengenezewa tovuti na watu wanaoijua kazi. Vichwa vilipangika, fomu zilikuwa na lebo, programu ya ukaguzi haikuona kosa. Siku ya makabidhiano karani wa masjala akapewa kihariri chenye vitufe vyote: rangi, fonti, ukubwa, kila kitu. Hakuna aliyeketi naye kumuuliza tangazo linaandaliwaje pale ofisini.

Tangazo pale huandikwa kwenye Word, hupelekwa kwa mkuu likasainiwa, hugongwa muhuri, huskaniwa. Kwa karani yule, tangazo lisilo na muhuri bado ni rasimu. Akawa anapandisha picha ya karatasi, bila `alt`, yale maelezo ya picha kwa maneno, na juu yake anaandika jina la tangazo kwa herufi nene nyekundu. Alifanya kazi yake kwa uaminifu kabisa, na kwa anayeona, ukurasa ulisomeka vizuri.

Kisha akaja ofisini kwetu kijana asiyeona, simu mkononi, TalkBack, kisoma skrini cha Android, imewashwa. Alikuwa akitafuta tarehe ya mwisho ya maombi na kiasi cha ada. Akatuonyesha: anapapasa kutafuta vichwa, hakuna, maana herufi nene si kichwa. Anafika kwenye tangazo, simu inamsomea namba za jina la faili. Anarudi nyuma, anapapasa tena, namba zilezile. Alikuwa amesubiri nduguye arudi kutoka Kyela amsomee, na aliporudi tarehe ilikuwa imepita. Alitusimulia bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonikaa rohoni. Alishazoea.

Msimlaumu karani. Kihariri ndicho kilichomfungulia njia, na aliyekiweka ni fundi. W3C, wanaoweka viwango vya wavuti, walilitolea mwongozo wa vyombo vya kuandikia: ATAG 2.0, Septemba 2015. Nyote mnaitaja WCAG, mwongozo wa kurasa zenyewe, lakini sijamkuta kati yenu aliyefungua ATAG. Sehemu A inataka chombo chenyewe kitumike na mwandishi mwenye ulemavu. Sehemu B inataka chombo kimsaidie mwandishi yeyote kutoa kitu kinachofikika. Sehemu B ndiyo ingemwokoa yule kijana.

Kwa hiyo hapa kwetu: vitufe vya rangi na fonti vinaondolewa. Vichwa vinaanzia `h2`, kwa kuwa `h1`, kichwa kikuu cha ukurasa, ni ya kiolezo. Picha haiingii mpaka mwandishi aieleze, au aseme wazi kuwa ni pambo, ndipo ipate `alt=""`. Kinachobandikwa kutoka Word kinasafishwa, `MsoNormal`, alama ambayo Word huiacha, na mitindo yake yote nje, na seva inasafisha tena. Tangazo linaandikwa kwa maneno ndani ya ukurasa. Karatasi yenye muhuri inaambatishwa chini, ili mkuu naye aridhike.

Na yule anayetaka kujitengenezea kihariri kwa `contenteditable`, sifa ya kuruhusu kuandika ndani ya ukurasa, na `execCommand`, amri ya kukoza au kupanga maandishi hayo: acha, mwanangu. `contenteditable` ilianzia Internet Explorer 5.5, na `execCommand` imeshatangazwa kuwa haifai kutegemewa. Bonyeza Enter kwenye vivinjari tofauti uone vinavyotofautiana. Chukua kitu kama ProseMirror, maktaba ya kutengenezea vihariri, ambamo unataja mwanzoni ni vipande gani vinaruhusiwa, na kisichotajwa hakiingii.

5. Chomoa kipanya. Zunguka ukurasa mzima kwa Tab, na duara la fokasi, linaloonyesha ulipofika, usilifute eti linachafua muundo.

6. Mteja akisema haya ni madoido ya Ulaya, mwambieni Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 9 inaitaja intaneti waziwazi. Mwambieni kwa adabu, kisha mfungulieni ukurasa wake kwa NVDA asikilize. Masikio yake yatamshawishi kuliko ibara.

Jumatatu kila mmoja aje na hedifoni na ukurasa mmoja aliouandika mwenyewe. NVDA ni ya bure, iwekeni kabla hamjafika, bando la ofisi msilimalize kwa hilo. Nitazima skrini, nanyi mtajaza fomu zenu wenyewe kuanzia juu mpaka kitufe cha kutuma. Itakayokwama tutaifungua pamoja, tuanze na lebo.